Mtori wa Mgonjwa

Abdiel alipokea bakuli la tatu la mtori wa ndizi na nyama asubuhi hiyo akiwa amelala chali, shuka limefika kidevuni. Alilimaliza lote. Kisha akapiga kite na kusema hana hamu ya kula.

Ilikuwa wiki ya pili tangu daktari wa kliniki moja binafsi pale Themi ataje neno saratani. Aliwaeleza taratibu, yeye na mkewe Kaanaeli: kijivimbe kiko kwenye tezi ya shingo, kidogo kama punje ya hindi, na kinakua polepole mno. Njia ni mbili. Kupasuliwa, au kukiacha na kukipima kila miezi sita. Wakafikirie kwa wiki mbili, kisha Jumatatu warudi na jibu.

Abdiel alipofika nyumbani Maji ya Chai alipanda kitandani moja kwa moja. Simu yake ya mkononi, ya kwanza mtaa mzima, haikupumzika. Shemeji yake wa Usa River alisema kikatwe leo hii. Binamu wa Moshi alisema kisu huamsha vitu vilivyolala.

"Tukatwe au tusikatwe?" Abdiel alimuuliza kila aliyeingia kutoa pole, hata muuza maziwa.

Kaanaeli alikuwa jikoni, mtandio shingoni, akipika chai ya wageni. Aliimba huku akikoroga, kwa ile sauti ya kwanza iliyowahi kugombaniwa na kwaya mbili za usharika.

Mchana akaja Mzee Elieza, mzee wa kanisa, na mkungu wa ndizi. Abdiel alimwamkia kwa sauti iliyofifia, akamnong'oneza kwamba kinachomtisha zaidi ni sauti. Daktari alisema mara chache kisu huigusa, na ikiguswa huenda isirudi.

Mzee Elieza aliutua mkungu sakafuni.

"Sauti, Baba Lilian? Si tulikuomba kwa adabu usiimbe hata mapambio?"

Abdiel aligeukia ukutani akalia. Hakuwa anadeka, alikuwa anaogopa kwelikweli, na usiku mzima hakuwa amepata usingizi. Kaanaeli aliingia, akampangusa uso kwa ncha ya kanga, akamletea bakuli la nne.

Jumatatu alimpigia pasi shati, akambebea uji kwenye chupa ya chai na sweta la akiba. Kliniki ilikuwa imejaa. Alimtafutia kiti karibu na dirisha, akampepea kwa kadi ya hospitali mpaka nesi alipowaita. Abdiel akang'ang'ania kiti. Ikabidi mkewe amkokote mpaka ndani na kumkalisha kwenye benchi.

Daktari aliuliza wameamua nini.

Kaanaeli alifungua mtandio, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akainua kidevu ili daktari ampapase shingo.

"Tukipime tu kila miezi sita," alisema. "Nikilazwa mimi, huyu mgonjwa atapikiwa mtori na nani?"