Sibariki Nikiwa Nimelala

"Sista, nitapona, ama niite watoto wangu niwabariki?"

Muuguzi Kajuju alikuwa ameshika miguu ya mzee chini ya blanketi. Vidole vilikuwa baridi, na madoa ya zambarau yalikuwa yameanza kupanda kuelekea magotini. Aliijua dalili hiyo. Huenda jioni isimkute.

Mke wa mzee, aliyesimama upande wa kichwa, alimtikisia Kajuju kichwa. Alikuwa amemwonya langoni: "Usimwambie. Kwetu mzee akishabariki watoto, huwa anaaga dunia. Sisi tunaomba uponyaji."

Kajuju naye alikuwa ameomba njia nzima kutoka hospitali ya Kiirua. Alimwomba Mungu ampe neno la kusema. Uani, wale watoto, wanaume wenye ndevu zao, walikuwa wakichambua viazi na kutaniana.

"Umenyamaza," mzee alisema. "Watu wa nyumba hii wananidanganya kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Hata wewe?"

"Mwambie atapona!" mama alisema. "Sema amina, sista."

Kajuju alifunika ile miguu polepole.

"Waite sasa, baba," alisema. "Usingoje kesho."

Mama alishika mdomo. Mzee alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akayafumbua.

"Basi niinueni niketi. Sibariki nikiwa nimelala."

Kajuju alipitisha mkono chini ya bega moja. Bega la pili likabaki likimngoja mama.