Taa ya Oili ya Mzee Mithika

Taa nyekundu ya oili iliwaka tena, mara ya nne wiki hiyo, na Mzee Mithika akaiegesha Peugeot yake kando ya barabara ya Kaaga kabla fundi Gikunda, aliyeketi kando yake, hajasema neno.

"Umeona?" mzee akasema. "Presha imekimbia."

Gikunda aliona, na moyo ukamuuma. Fundi mzima, miaka kumi na minane gerejini, anachezewa na gari la mwaka wa themanini na mbili! Pampu ya oili alikuwa ameshabadilisha. Chujio alikuwa ameliosha, sensa mpya ya presha akaiweka. Kila alipoliendesha mwenyewe, injini ilinguruma vizuri na taa haikuwaka hata mara moja. Akimrudishia mzee, halifiki mbali. Mafundi wenzake walishaanza kumcheka.

Na harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa amewapeleka kanisani mabinti zake wawili kwa gari hilo, yeye mwenyewe kwenye usukani. Kinya, kitinda mimba, alikuwa ameapa hatatoka nyumbani Githongo kwa gari lingine. "Fundi, usituaibishe," Kawira, mke wa mzee, alimwambia Gikunda asubuhi hiyo, karibu alie.

Ndiyo maana leo Gikunda alikuja na geji yake ya kupimia presha, akaifunga kwenye injini na kupitisha mpira wake dirishani hadi mapajani. Sasa akaitazama. Taa iliwaka nyekundu kama kaa la moto, lakini mshale wa geji ulikuwa juu, haujashuka hata kidogo.

"Mzee, presha iko. Hii taa ndiyo inadanganya."

Mbele yao wanafunzi wadogo walikuwa wakivuka barabara kwa makundi, wakisukumana na kucheka.

Gikunda akainama chini ya dashibodi, akaufuata waya wa taa kwa vidole. Ulikuwa umeungwa waya wa pili, ukafungwa tepu kwa ustadi wa mtu anayejua magari. Huo wa pili ulielekea upande wa dereva na kuishia kwenye goti la mzee, ncha yake tupu imegandamizwa na goti hilo kwenye chuma. Akauvuta. Taa ikazimika.

Damu ikamchemka. "Mzee, mtu amekuwekea hii makusudi! Kuna mtu hataki Kinya afike kanisani. Nani amegusa hii gari?"

"Rudisha waya," mzee akasema.

"Nini?"

"Rudisha vile umeipata. Tukifika, ambia Mama Kinya injini imekufa, na spea zake hazipatikani hata Embu." Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, akikodolea kioo macho. "Na uniambie, Gikunda, lakini pole pole. Hao mbele yetu ni mbuzi, ama ni watoto?"