Mbu ndani ya kaske

Evodie, mke wa mwanangu, alinieleza haya Jumapili tukitoka kanisani.

Yeye na mwanangu walikuwa wanajiandaa kwenda Manono kwa pikipiki, Evodie akiendesha. Mume alikubali kubebwa na mke mbele ya watu kwa sharti moja tu: wasikilizane njiani. Basi wakafunga vyombo vya kuongelea ndani ya kaske zao, zile kofia ngumu za pikipiki, vikila umeme wa betri ya pikipiki. Lakini injini ikiwaka tu, masikioni kunalia kama mbu.

“Mama Emmanuella, mimi napanda kamyo ya mizigo,” mume akasema. “Huyu mbu njo ataniua.”

“Ngoja kwanza, Papa. Kaa hapo hapo nyuma.”

Evodie akaongeza mafuta, mbu akapandisha sauti. Akapunguza, mbu akashuka. Kumbe anafuata injini!

Akainama, akafuata kwa kidole waya mweusi unaorudisha umeme wa vyombo vile mpaka kwenye nati iliyoushika kwenye chuma cha pikipiki. Akakwangua pale, ukucha ukatoka na rangi ya buluu. Mume aliipaka pikipiki upya kwa ubatizo wa mtoto wao Emmanuella, akapaka kila mahali, hata chini ya nati.

“Sasa umeme unapitaje kwenye rangi?” akajiuliza.

Akazima injini, akafungua nati, akakwaruza polepole kwa kisu cha samaki mpaka chuma kikang'aa. Akafunga waya, akavaa kaske, akawasha.

Mbu hakuwepo.

“Papa, unanisikia?”

Akaongeza mafuta, akatega sikio. Ndani ya kaske, wazi kabisa, mume alikuwa anakoroma.