Siagi Kwenye Maharage

Aliisikia ladha ya siagi kabla hata hajatafuna.

Bibi alikuwa ameketi mbele yake, vidole bado vinanuka kitunguu, akimtazama mjukuu wake anavyokula maharage aliyompikia.

"Mama yako kaniambia siku hizi huli nyama, maziwa wala yai, eti unawaonea huruma wanyama. Nikasema hewaa, kwangu hatalala njaa."

Tonge lilikuwa bado mdomoni. Alikuwa amejiapiza kutogusa tena kitu cha mnyama, na hakuwahi kukivunja kiapo hicho. Akainama, akajifanya anakohoa, akalitema kwenye leso.

Alipoinua uso, bibi alikuwa akiitazama ile leso.

"Yameungua?"

"Hapana, bibi. Yana... yana siagi."

Bibi akachovya ncha ya kidole, akaonja.

"Kijiko kimoja tu, mama, ili yashuke vizuri. Sikukumbuka kuwa siagi nayo ni ng'ombe. Nisamehe. Ngoja nikupikie mengine."

Akaivuta sahani, akaanza kujiinua kwa miguu yake iliyovimba.

Mjukuu akaishika sahani upande wa pili kumzuia, uso ukimwaka kwa aibu, asiweze kumtazama machoni.