Sahani ya Ng'ambo

Katika nchi ile hapakuwa na mpaka. Sheria ilisema ardhi yote ya ng'ambo ya mto ni yetu tangu enzi za mababu, kwa hiyo aliyepigwa risasi kwenye seng'enge hakuwa amekufa. Amehamia mkoa mwingine tu. Kumwekea matanga ilikuwa marufuku.

Mwamvua aliuona mwili wa mumewe, Shomari, kwa macho yake, ukining'inia kwenye seng'enge. Hata hivyo kila chajio alimpakulia ugali na kisamvu, kwani kisanduku cha serikali pale ukutani kilikuwa kinaangalia meza na kusikiliza.

"Mama, baba yuko wapi?" aliuliza binti yake, Tunu.

Mwamvua alikitupia jicho kisanduku. "Ng'ambo, mwanangu."

"Mwalimu kasema ng'ambo ni kwetu. Basi mimi nataka kwenda kwa baba."

Mwamvua alimziba mdomo, lakini alikuwa ameshachelewa. Kisanduku kiliwaka taa ya kijani.

"Hongera, Tunu," ilisema sauti nyororo. "Ombi lako la kuhama limekubaliwa. Gari litakufuata asubuhi. Na wewe, Mama Tunu, kuanzia kesho utapakua sahani mbili."