Rais Hasafiri

"Dada Teddy, nakuomba, usinipe kura." Bartholomeo alikuwa amepiga goti katikati ya marobota ya jinzi.

Teddy alikuwa mjumbe wa Watanzania wa Xintang, kitongoji cha viwanda vya jinzi. Jumuiya yao ya Guangzhou, China, ina watu mia nne, na hakuna ukumbi watakaoruhusiwa kujazana humo. Basi wanafanya kama zile nchi ambazo wananchi humchagua mjumbe, na wajumbe ndio humchagua rais. Wajumbe ni watano. Kiti kama hicho kwingine watu hukimezea mate, ila Bartholomeo amekikalia miaka sita na sasa kinamkaba koo.

Maana rais hasafiri mpaka apatikane mwingine. Polisi wakimkamata Mtanzania, humpigia yeye. Mtanzania akifa, anayesaini mwili usafirishwe ni yeye. Rais aliyemtangulia alikwenda harusini Moshi, maiti ya mtoto wa watu ikakaa kwenye barafu siku arobaini. Tangu hapo ikawa sheria.

Na Herieth, mkewe, amelazwa Bukoba, hali chakula tena. Kila asubuhi anauliza mume wake amefika wapi.

"Mpeni Dalila. Nimemsihi mwezi mzima, ndiye pekee aliyekubali. Ndege yangu ni leo saa mbili usiku."

"Inuka, kaka, nimekuelewa," Teddy alisema, machozi yakimlengalenga. "Ila wewe ndiye uliyemrudisha mdogo wangu nyumbani, kwenye jeneza. Inaniuma uondoke hivi hivi, mikono mitupu."

Bartholomeo akaenda mtaa wa Yide Lu kwa mjumbe mwingine, Abdulwakil, muuza wanasesere. "Dalila atapita tu. Wewe kafunge sanduku," Abdulwakil alimwambia. Jovin, mjumbe wa Nansha, alimshika mkono, hakuuachia upesi. Wawili waliobaki nao walikubali. Bartholomeo akaenda kufunga sanduku.

Alasiri wakakutana mgahawani, wakatumbukiza karatasi za siri kwenye bakuli la supu. Dalila alikuja na kilemba kipya na hotuba ya kurasa mbili. Bartholomeo alisimama mlangoni na sanduku lake, akitazama saa.

Abdulwakil akakunjua karatasi ya kwanza. "Bartholomeo," akasoma, akatabasamu kwa haya. Ya pili, Bartholomeo. Ya tatu aliisoma kwa sauti ya chini. Ya nne na ya tano hakuzisoma, alizigeuza tu wenzake wazione.

Dalila alikunja hotuba yake, akachukua mkoba. "Hata moja? Msinipigie simu tena." Akampita Bartholomeo mlangoni bila kumtazama.

Wajumbe wakatazamana.

"Mimi niliandika ya kumshukuru tu," Teddy alisema. "Nilijua ni yangu peke yangu."