Friji ya Mlezi

"Tunu, rekebisha wewe, nyama ya wakwe inaoz—"

"Sirekebishi! Kavuruga Sikudhani, atatengeneza Sikudhani."

"Na friji je?"

"Friji nayo ivumilie, mume wangu!"

Sheria ndiyo hiyo: mwanafunzi akiharibu programu ya umma ya kutabiri mvua, nyumba ya mlezi wake hukatiwa umeme mpaka programu ikae sawa. Walezi wengine hutengeneza wenyewe kimyakimya, wanafunzi wao wakabaki mapambo. Tunu, mlezi wa Sikudhani, alikunja mikono, akakaa akiikodolea macho simu.

Mara friji ikanguruma. Mumewe akaikumbatia kama ndugu aliyetoka safari. Simu ikaita.

"Mwalimu, imekubali!" Sikudhani alipiga kelele. "Ila sijaelewa kwa nini. Naomba niiharibu tena."